Mke wa Jumamosi

Jumatatu asubuhi, mkunga akiwa bado anapuliza chai yake, mumewe aliinua uso kutoka kwenye buti alizokuwa akifunga kamba, akamwuliza, "Kidole kinauma bado?"

"Kidole gani?"

"Si kile ulichobana na mlango wa gari."

Mkunga aliweka kikombe chini, akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza kama mtoto anayekaguliwa kucha. Ngozi ilikuwa imekauka kwa sabuni ya hospitali, hilo la kawaida, lakini vidole vyote vilikuwa vizima.

"Sijabana kidole popote," alisema. "Tangu Jumamosi hadi jana usiku nilikuwa wodini. Hilo gari lenyewe mara ya mwisho nimeliona Ijumaa."

Mumewe alimtazama. Katika muda ule mfupi kabla hajacheka, mkunga aliona kitu kikimpita usoni, kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi akawahi kushika ukingo. Kisha akacheka. "Aa, nimechanganya. Ni mwenzangu kazini, alibanwa na mlango wa lifti. Uzee huo, mke wangu." Akachukua mkoba wake wa vifaa, akatoka, mkate wake ukabaki umeng'atwa upande mmoja.

Mkunga alibaki akiutazama ule mkate. Mumewe hakuwa mtu wa kuacha mkate.

Mume huyu alikuwa fundi wa lifti. Wiki nzima kazi yake ilikuwa kuning'inia ndani ya mashimo ya majengo marefu, grisi hadi viwikoni, akiwatoa watu waliokwama kati ya ghorofa na ghorofa, nao wakimtukana badala ya kumshukuru. "Siku tano napanda na kushuka," alizoea kusema. "Wikiendi nataka kwenda mbele tu." Basi walipofanikiwa kununua gari, gari kuukuu la rangi ya majivu ambalo dirisha moja la nyuma lilifungwa kwa kusukumwa na kiganja, walikubaliana kwamba Jumamosi itakuwa siku ya barabara. Mtoto wao wa pekee alikuwa shule ya bweni, nyumba haikuwa na mtu wa kumlinda. Walichemsha mayai, wakajaza chupa ya chai, wakapima upepo wa matairi, na kabla jiji halijaanza kupigiana honi walikuwa wameshaliacha nyuma, madirisha wazi, viatu wamevua, wanabishana juu ya wimbo wa kuweka. Kila kilometa mkunga aliihisi ikimtoka mabegani.

Wakapata na mahali pao: nyumba ndogo ya wageni kando ya bwawa, yenye kibaraza cha mbao na viti viwili vya kubembea. Mtunza nyumba, mtu mzima mpole aliyetembea na bonge la funguo kiunoni, waliyembatiza Mzee Funguo, aliwaletea maji ya moto na kuwaacha na utulivu wao.

Lakini watoto hawachagui siku ya kuzaliwa. Simu ya wodi ikaanza kuita Ijumaa jioni. Mara mwenzake anaumwa, mara wajawazito wamejaa hadi korido, na mkunga akawa anasema, "Nenda tu wewe, mimi wiki ijayo." Wiki ijayo nayo ikawa na lake. Mumewe akaanza kumwita Mama Zamu, kwanza kwa utani, halafu bila kucheka. Mwishowe akaacha hata kulalamika. Jumamosi zikifika aliondoka peke yake akipiga mluzi, akarudi Jumapili jioni na uso wa mtu aliyelala vizuri.

Hapo ndipo mkunga alipopata pa kuanzia mawazo yake. Mwanamume anayepiga mluzi akienda kukaa peke yake kando ya maji ni mwanamume ambaye hakai peke yake.

Siku hiyo alipotoka kazini hakupanda ngazi moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya jengo lao, kwenye maegesho, mahali mumewe alipoliacha gari kwa kuwa kazini alikwenda na gari la kampuni. Funguo za akiba alikuwa nazo. Alifungua mlango wa upande wa abiria, upande wake, akainama.

Kiti kilikuwa kimelazwa nyuma kuliko anavyokilaza yeye. Alipokigusa kilikuwa na unyevu, na kutoka kwenye kitambaa ikapanda harufu ya maji yaliyolala, kama tambara lililosahauliwa ndani ya ndoo, na juu ya harufu hiyo marashi matamu yaliyomkereketa koo. Aliteremsha kile kikinga jua cha juu ya kioo cha mbele, kile chenye kioo kidogo cha kujitazama. Kioo kilikuwa kimekwaruzwa. Mtu alikuwa amekiparura kwa kucha, mstari kwa mstari, mpaka hakikuonyesha tena chochote.

Mkunga alisimama pale maegeshoni na jua la jioni likimpiga mgongoni. Mwanamke wa nje angejipaka wanja mbele ya kioo kile. Huyu aliyekiharibu ni mwanamke wa namna gani?

Hakumwuliza mumewe. Alijua akiuliza atadanganywa, na uongo ukishasemwa utakaa nao mezani kama mgeni. Alimngoja wifi yake.

Wifi, dada wa fundi, alikuwa msusi mwenye saluni ndogo mtaa wa pili, mwenye mdomo usiofungwa kwa kufuli, na wiki chache nyuma alikuwa amejidandia kwenye safari ya kaka yake akisema naye anataka kunusa hewa isiyo na moshi. Kama kuna mtu aliyemwona huyo mwanamke, ni yeye. Jumatano alipita kama kawaida yake, akajitupa kwenye kochi, akavua viatu, kisha akamtazama mkunga kichwani na uso ukamkunjamana.

"Wifi, kazi yangu yote ile umefumua? Nimeketi kukusuka hadi vidole vinakufa ganzi, hata mwezi haujaisha. Si ungeniambia kama hukuipenda."

"Umenisuka lini?"

"Kule bwawani. Pale kibarazani."

"Wifi," mkunga alisema polepole, "mimi siku ile sikuwepo. Nilitaka nikuulize mlikuwa na nani."

Msusi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Aliona hatanii. "Tulikuwa na wewe," alisema. "Tulikukuta umeshafika, umekaa kwenye kiti cha kubembea. Kaka akasema umetutangulia na basi. Nikakusuka, ukanihadithia mambo ya wodini, nikacheka mpaka machozi. Wifi, acha kunitisha."

"Na hukuona chochote kisicho cha kawaida?"

Msusi alianza kuisugua mikono yake kama mtu anayesikia baridi. "Kichwa chako," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi vichwa ndiyo maisha yangu. Kila kichwa kina joto lake. Chako siku ile kilikuwa baridi kama chungu cha maji, na nywele zilikuwa zinalowa, nazifuta na taulo zinalowa tena. Nikasema labda umetoka kuoga. Na hukula. Na kutwa nzima hukuinuka hata kwenda msalani, mpaka nikajiuliza mwenzangu ana kibofu cha chuma. Wakati wa kurudi ulikaa mbele, mimi nyuma, usingizi ukanipitia. Nilipoamka kiti ni kitupu. Kaka akasema umeshukia njiani, umewahi zamu."

Akatoa simu yake, akatafuta picha. Mkunga aliipokea akiwa bado na tumaini dogo la kipumbavu kwamba ataona sura ya mwanamke mwingine, mwanamke wa kawaida, wa kumchukia kwa njia za kawaida. Alijiona yeye. Gauni lake la kijani, ambalo muda huo lilikuwa limetundikwa kabatini chumbani. Kovu lake la kidevuni. Alikuwa ameegemea kiti, amesukwa vizuri, anacheka, na alikuwa amependeza kuliko alivyowahi kupendeza kwa miaka mingi, macho meupe, ngozi imetakata, kama mtu ambaye hajawahi kuamshwa usingizini.

Mumewe aliporudi aliwakuta wote wawili jikoni, simu iko juu ya meza. Hakuuliza kulikoni. Aliiona picha, akavuta kiti, akakaa na buti zake miguuni.

"Tangu lini?" mkunga aliuliza.

"Mara ya kwanza nilidhani ni wewe," fundi alisema. "Naapa. Wiki moja kabla yake nilikuwa kule peke yangu. Ulikuwa umenipigia njiani kusema huji, nikafika nimekasirika. Nikakaa kibarazani na chai yangu, kile kiti cha pili kinabembea na upepo. Nikakiambia, basi kaa wewe, uwe mke wangu wa Jumamosi. Ni maneno tu. Kiti kikaacha kubembea. Jumamosi iliyofuata nakwenda, nakukuta umekaa pale. Nikafurahi. Sikuuliza, nilifurahi tu."

"Na mara ya pili?"

Fundi aliifungua kamba ya buti moja, akaifunga tena. "Mara ya pili tulikuwa garini, tunazunguka bwawa. Simu ikaita. Ikaandika jina lako. Na wewe uko pembeni yangu."

Msusi alishika mdomo.

"Huyo wa pembeni akaniambia, pokea, anakungoja," fundi aliendelea. "Nikapokea. Ukasema umechoka, kuna mama amejifungua mapacha, unauliza kama nimekula. Nikasikia watoto wanalia nyuma yako. Nikakujibu niko peke yangu, nimekula. Yeye akawa ananitazama na kutabasamu."

"Kwa hiyo ulijua," mkunga alisema. "Ulijua, na ukaendelea kwenda."

"Nilijua. Sikutaka kujua." Macho yake yalikuwa mekundu. "Alikuwa na nafasi. Ananisikiliza. Anacheka. Nimemwambia mambo yetu yote, tulivyokutana, tulivyohangaika, mtoto, kila kitu, na kila nikimwambia anazidi kuwa wewe. Nikaanza kusahau lipi nimemwambia nani. Ndiyo maana ya kile kidole."

Mumewe alikuwa bado hajamaliza.

"Kuna jingine. Wakati wa kurudi nikifika garini nakuta ameshakaa, na akishuka simwoni anavyoshuka, nageuka tu kiti ni kitupu. Mwanzoni alikuwa anashukia darajani, hapo karibu tu na bwawa. Baadaye njia panda. Baadaye kile kituo cha mafuta unapoingia mjini. Kila mara anasema leo nisogeze kidogo. Jumapili hii amenifikisha hadi hapa chini, kwenye maegesho. Akateremsha dirisha, akahesabu madirisha ya jengo. Akaniuliza letu ni lipi."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia anaweza kuja Jumamosi."

Chini barabarani magari yalikuwa yanapigiana honi kama kila siku, na kwa mara ya kwanza mkunga alitamani kelele zile zisikome.

Msusi ndiye aliyewapeleka kwa Bibi Msomaji. Alikuwa mteja wake wa zamani, mama mzito wa mwili aliyesomea watu dua sebuleni kwake, kwenye makochi yaliyofunikwa plastiki, huku simu yake ikiita kila dakika na yeye akiizima kwa kidole gumba bila kuitazama. Hakuwafukizia chochote. Aliwasikiliza hadi mwisho, akamgeukia fundi.

"Wewe ndiye uliyemkaribisha, kwa mdomo wako. Mimi naweza kusoma hapa mpaka sauti ikauke, mgeni uliyemkaribisha wewe anakungoja wewe umtoe. Utakwenda kule anakokaa, na mkeo ubavuni, mchana. Utamwambia humjui. Utamwambia kiti kina mwenyewe. Na useme kwa moyo, mwanangu, kwa sababu amekaa na moyo wako siku nyingi, anaujua kuliko unavyoujua. Ukisema kwa mdomo tu, atainuka akufuate hadi kitandani."

"Na mimi nimwambie nini?" mkunga aliuliza.

"Wewe usimwambie kitu. Atakuuliza, atakutukana, atakulilia. Ukimjibu, umekubali kuwa mko wawili." Akawapa chupa ya maji aliyoyasomea, wakaoshe kiti cha gari. "Na mkishatoka pale, msirudi. Yeye hafi. Anabaki kwake."

Jumamosi ile wodi haikumwita, au labda iliita, kwa maana mkunga alikuwa ameizima simu yake. Hawakuchemsha mayai. Hawakuweka wimbo. Jiji liliwaachia kama kawaida, majengo yakapungua, mashamba yakaanza, upepo ukaingia madirishani ukiwa na harufu ya majani, na vyote alivyokuwa akivipenda vikapita pembeni yake kama vitu vya mtu mwingine. Alimtazama mumewe mara kwa mara. Mumewe alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati lake zuri. Mkunga alijiambia kwamba mtu anaweza kunyoa bila sababu, kisha akajiuliza amenyoa kwa ajili ya nani.

Mzee Funguo alikuwa anafagia uwanja. Alimwona fundi akishuka, akampungia mkono. Kisha akamwona mkunga akishuka upande wa pili, na fagio likasimama. Aligeuza kichwa kutazama kona ya nyumba, upande wa kibaraza, akakirudisha tena.

"Mama," alisema taratibu, "si nimetoka kukupelekea chai sasa hivi?"

Walizunguka nyumba wameshikana mikono. Jua lilikuwa juu kabisa, bwawa limetulia kama sahani, na hakukuwa na ndege hata mmoja, na kiti cha kushoto kilikuwa kinabembea polepole kikilia kiik, kiik, na ndani yake alikuwa ameketi mkunga, katika gauni la kijani, nywele zimesukwa, kikombe cha chai kinafuka mvuke mapajani pake bila kuguswa.

"Umechelewa, mume wangu," alisema. Sauti ilikuwa ni yake mkunga, ile ya zamani, ya kabla ya kupiga kelele koridoni usiku kucha. "Na huyu umemwokota wapi?"

Mkunga aliuma ulimi.

"Mtazame," yule akaendelea, bila hasira, kama mtu anayeonyesha doa kwenye nguo. "Mtazame macho yake. Ananuka dawa. Amekuja leo kwa sababu anaogopa, kesho watampigia simu na atakwenda, na wewe utabaki na chupa yako ya chai. Mimi nimewahi kukuambia nimechoka? Nimewahi kukuambia wiki ijayo? Bibi wewe, hebu sema, mtoto wenu akiugua huwa analala na nani?"

Jibu la swali lile lilimpanda mkunga hadi kwenye meno, na akalimeza, akahisi mkono wa mumewe ukilegea ndani ya wake, ukilegea kidole kwa kidole, na alipomtazama aliona anamtazama yule kwenye kiti kwa namna ambayo yeye hakuwa ametazamwa kwa muda mrefu, namna ya mtu mwenye kiu, na akaelewa kwamba mumewe hakuwa anaogopa, alikuwa anachagua, pale pale mbele yake, mchana kweupe, na kwamba hakuruhusiwa hata neno moja la kumwomba, na yule kwenye kiti akalijua hilo na akatabasamu, na harufu ya maji yaliyolala ikapanda kutoka chini ya mbao ikawajaa puani, na mkunga, kwa kukosa la kufanya, akafanya alilozoea kufanya kila siku kwa wanawake waliofika mwisho wa nguvu zao: aliubana ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akaubana kwa nguvu, ngozi yake kavu ikikwaruza ya mumewe, na hakuuachia.

Fundi alishtuka kama mtu aliyegutushwa usingizini. Alitazama mikono ile. "Ina joto," alisema, si kwa mtu yeyote. Kisha akainua uso.

"Sikujui," alimwambia yule.

"Hunijui?"

"Sikujui. Mke wangu ni huyu. Hicho kiti kina mwenyewe."

Kiti kiliacha kubembea. Yule hakupiga kelele, hakugeuka moshi. Aliweka kikombe chini kwa adabu, akainuka, na ndipo fundi alipotambua kwamba katika Jumamosi zote zile hakuwahi kumwona akitembea. Kila mara alimkuta ameshakaa. Alishuka ngazi za upande wa bwawa amewapa mgongo, akaingia kwenye tope, akaingia kwenye maji, magoti, kiuno, zile nywele zilizosukwa vizuri, bila maji kutikisika. Aliacha nyayo kwenye tope tangu ngazini hadi majini. Vidole vya zile nyayo vilielekea kwenye nyumba.

Mkunga hakungoja. Alirudi garini mbio, akajifungia, akafunga mkanda. Fundi alizunguka kwa Mzee Funguo kumwambia hawatakuja tena, na aliporudi alisimama kidogo nje ya dirisha, mkono kwenye mlango, akimtazama mkewe aliyeketi tayari kwenye kiti cha abiria.

Waliendesha hadi darajani. Wakapita njia panda. Mkunga alikuwa ameanza kupumua, ndipo akagundua kwamba mumewe anamwibia macho. Anatazama barabara, anamtazama yeye. Barabara, yeye. Na alikuwa amejisogeza hadi bega lake limegusa mlango.

"Nini?" alimwuliza.

"Nimekukuta umeshakaa," fundi alisema. "Nimetoka kuongea na mzee, narudi, umeshakaa." Akameza mate. "Niambie kitu. Kitu ambacho yeye hakijui."

Mkunga alifungua mdomo kusema siku waliyokutana, akakumbuka yule ameshaambiwa. Mapito yao ya mwanzo, ameambiwa. Usiku aliozaliwa mtoto, jina walilotaka kumpa wakaliacha, ugomvi wao na mama mkwe, wimbo, kovu. Alipekua maisha yao yote kama mtu anayepekua kabati lililoibiwa, na kila droo ilikuwa tupu. Gari lilikuwa limepunguza mwendo. Kituo cha mafuta cha kuingilia mjini kilikuwa kinaonekana mbele, na aliona kwamba mumewe hatakipita. Angemshusha pale.

"Jumamosi ile ya kwanza," alisema, "ile uliyokwenda peke yako ukakasirika. Hawakuniita kazini."

Fundi alikaza usukani.

"Hawakuniita. Niliomba mwenyewe kubaki. Na mbili zilizofuata pia. Wodi ilikuwa na watu wa kutosha, nikajifungia chumba cha mapumziko, nikalala. Sikutaka bwawa, sikutaka chai, sikutaka kuongea na wewe wala na mtu yeyote. Nilitaka mahali ambapo hakuna anayenihitaji. Nikakudanganya kwamba kuna mapacha."

"Nilisikia watoto wanalia."

"Wodi ya wazazi, watoto wanalia kila siku."

Alimwona akilipokea lile neno, likimuuma, likishuka. Machozi yakamtoka, kisha bega lake likaachana na mlango.

"Ni wewe," alisema. "Yeye asingeniambia hivyo."

Wakakipita kituo cha mafuta, wakaingia kwenye foleni na honi za jiji.

Yale waliyoambiana siku zile za mbele yalikuwa mazito na si ya kuhadithiwa, lakini waliambiana. Fundi aliuza gari. Mkunga alipunguza zamu, na zile alizobaki nazo zilikuwa za kweli. Jumamosi walikaa nyumbani, wakati mwingine wamenuniana, wakati mwingine wanacheka, na msusi akawa anakuja kumsuka wifi yake sebuleni, kila mara akianza kwa kukipapasa kichwa kwa kiganja, kimya, kabla ya kuchukua kitana.

Ilikuwa mchana wa siku ya kawaida, fundi yuko bafuni, simu yake ikaita juu ya meza. Mkunga aliipokea.

"Fundi," sauti ya Mzee Funguo ilisema upande wa pili, ya chini, ya mtu anayejificha ukutani. "Samahani kukusumbua. Ni huyu mama. Yuko hapa kibarazani tangu mlipoondoka. Halali, hali. Wageni wengine wanaogopa. Kila nikipita ananiuliza utakuja kumchukua lini."

Mkunga alisikia kiti kikilia, kiik, kiik, kisha kikanyamaza. Halafu, karibu sana na simu, akasikia sauti yake mwenyewe, iliyopumzika vizuri.

"Mzee, hebu muulize ni nani huyo anayeshika simu ya mume wangu."

Alikata. Aliifuta ile namba, akairudisha simu pale pale ilipokuwa. Fundi alitoka bafuni akijifuta kichwa na taulo.

"Nani alikuwa anapiga?"

"Wamekosea namba," mkunga alisema.

Mumewe aliacha kujifuta. Alisimama mlangoni, maji yakimdondoka, akamtazama mikono, kisha usoni, na hakuondoa macho, kama alivyomtazama siku ile garini.